Mshahara Unaofuata Pasipoti

Foleni ya medikali huanza mapema. Wasichana na akina mama, wengi wakiwa na bahasha ya kaki kwapani, husubiri kupimwa damu na kupigwa picha ya kifua kabla ajenti hajawashughulikia viza. Ndani ya bahasha mna pasipoti mpya, cheti cha polisi cha mwenendo mwema na picha ndogo za uso. Mambo yakinyooka, mwenye bahasha hupanda ndege Nairobi akaenda Riyadh, Jeddah au Dammam kufanya kazi za nyumbani.

Mara nyingi huyu si maskini wa kutupwa. Pasipoti hulipiwa, nauli za kwenda na kurudi kwa ajenti hulipiwa, na miezi ya kusubiri hula akiba. Asiye na mbuzi wa kuuza wala ndugu wa kumkopesha hafiki hata kwenye foleni. Hii ni sababu mojawapo inayofanya wahamaji wawe wachache kuliko kelele zinazopigwa juu yao: mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulihesabu watu milioni 304 wanaoishi nje ya nchi zao za asili, yaani hawafiki wanne katika kila watu mia moja duniani.

Kinachomvuta ni hesabu. Kadama wa Kikenya, kama wafanyakazi wa nyumbani wanavyoitwa kule, huahidiwa riali 900 au 1,000 kwa mwezi. Riali 900 ni dola 240, kama shilingi 31,000 hivi. Nairobi, kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani kilipandishwa Novemba 2024 kikapita kidogo shilingi 16,000, na wapo wengi wasiokiona hata hicho. Saudia chakula na malazi ni juu ya mwajiri. Hapo mtu humwachia bibi watoto.

Lakini sebule ile ile akifagia Mfilipino, malipo hubadilika. Ufilipino imekuwa ikisimamia upelekaji wa wafanyakazi ng'ambo kisheria tangu 1974, na mwishoni mwa 2006 iliwawekea wafanyakazi wake wa nyumbani kima cha chini cha dola 400, sawa na riali 1,500. Saudia haikupendezwa. Julai 2011 ikaacha kutoa vibali kwa wafanyakazi wa nyumbani kutoka Ufilipino na Indonesia, ikatafuta wengine kwingineko, Afrika ikiwemo. Manila haikulegeza kamba, na mwaka uliofuata mlango ukafunguliwa kwa dola zile zile 400. Vyombo vinavyooshwa ni vile vile, na watoto wanaobebwa ni wale wale. Tofauti ya malipo imo kwenye pasipoti.

Juu ya mshahara kuna kafala. Kibali cha kuishi, ikama, hufungamana na mwajiri, yaani kafili. Mfanyakazi akiondoka bila ruhusa, kafili huweza kuripoti kwamba ametoroka, na kuanzia hapo aliyekuwa mwajiriwa huwa mhalifu wa uhamiaji. Mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyowarahisishia wafanyakazi wengi kubadili mwajiri yaliwaacha nje wale wa nyumbani. Na kwa kuwa familia humlipa ajenti maelfu ya riali ili kumpata mtu, si ajabu kusikia madamu akisema, "Nimekununua." Kenya ilijaribu kufunga njia ya kwenda huko mwaka 2014, kisha ikaifungua tena miaka michache baadaye.

Kuifunga ni kugumu, na pesa ndizo sababu. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, zaidi ya mara mbili ya mapato ya chai inayouzwa nje. Zaidi ya nusu zilitoka Marekani, kwa wauguzi, madereva wa malori na watu wa kompyuta. Saudia nayo imepanda hadi kuwa miongoni mwa nchi za mbele, kwa visenti vya mishahara midogo.

Wachumi wengine hulalamika kwamba pesa hizi huliwa tu badala ya kuwekezwa. Labda hawajakaa kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi mwisho wa mwezi. Simu hulia, bibi husomewa ujumbe na mjukuu, na kabla ya jioni ada imelipwa, deni la unga limepunguzwa, na tripu ya mawe imeagizwa. Mwenye lori amepata, fundi amepata, mama ntilie anayemlisha fundi naye amepata.

Nyumba hupanda hivyo, kozi kwa kozi, kulingana na riali zilivyokuja. Mkataba wa kawaida ni wa miaka miwili, na miaka miwili mara nyingi hufikisha ukuta kwenye linta. Mabati bado. Wengi hurudi kumsalimia mtoto ambaye sasa humwita bibi "mama", hukaa miezi michache, kisha hutoa bahasha kabatini.