Takataka za Mji Huzikwa Namna Gani?

Kila asubuhi mama akiisha kufagia nyumba, hukusanya maganda ya mihogo, majivu, makopo na mifuko ya plastiki, akavitoa nje. Nyumba imekuwa safi. Lakini takataka zenyewe zimekwenda wapi?

Kijijini jambo hili si gumu. Mbuzi na kuku hula sehemu yake, na yanayobaki huoza yakawa mbolea ya migomba. Mjini sivyo. Watu ni maelfu kwa maelfu, na plastiki haiozi upesi. Takataka zikirundikwa ovyo, nzi hutaga, panya huzaliana, moshi huwasumbua watu, na mvua huteremsha uchafu hata visimani. Basi mji hauna budi kuzika takataka zake, tena kuzizika kwa akili.

Mtu mmoja na mfereji wake

Huko Marekani, katika jimbo la California, kuna mji uitwao Fresno. Mkubwa wa kazi za mji huo alikuwa Jean Vincenz. Wakati ule miji mingi ilitupa takataka mahali pa wazi au kuzichoma. Mwaka 1937 Vincenz alianza namna nyingine. Wafanyakazi walichimba mfereji mrefu, wakatia takataka ndani, wakazishindilia kwa mashine, na kila siku wakazifunika kwa udongo uleule uliochimbwa. Nzi na panya wakakosa chakula, upepo nao ukakosa karatasi za kupeperusha. Miji mingine ikaiga.

Je, kazi ilikuwa kamili? La. Mfereji ulikuwa na kifuniko, lakini haukuwa na sakafu ya kuzuia sumu. Takataka zilizikwa pale hadi mwaka 1987. Kumbe miaka yote hiyo maji ya mvua yalikuwa yakipenya ndani yake, na gesi ilikuwa ikitambaa chini ya ardhi. Kemikali zenye sumu zikaonekana katika maji ya chini, na mwaka 1989 serikali ikapaandika mahali hapo miongoni mwa yale yaliyopaswa kusafishwa. Wazee walisema kweli: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Shimo la siku hizi

Kwa mafundisho kama hayo, mwaka 1991 Marekani ilitoa kanuni mpya kwa mashimo ya miji. Tuzitazame moja moja, tukianzia chini.

Kwanza sakafu. Udongo wa mfinyanzi hushindiliwa mpaka uwe na unene wa santimita 60 au zaidi. Juu yake hutandikwa shuka pana la plastiki ngumu, ambalo unene wake ni yapata milimita 1.5, na viungo vyake huunganishwa kwa moto. Hivi maji machafu hayapati njia ya kushuka.

Pili mabomba. Juu ya shuka huwekwa changarawe na mabomba yenye matundu. Maji yaliyopita katika takataka huingia humo, yakavutwa kwa pampu, yakasafishwa. Hayaruhusiwi kusimama juu ya sakafu kwa kina kupita santimita 30.

Tatu kifuniko cha kila siku. Mashine nzito hushindilia takataka, na kabla ya usiku hutandazwa udongo wa santimita 15. Hii ndiyo kazi ya Vincenz, nayo haijaachwa.

Nne gesi. Takataka zinazooza pasipo hewa hutoa gesi ya methani. Gesi hiyo yaweza kulipuka, tena huzidisha joto la dunia. Kwa hiyo katika mashimo makubwa visima vya mabomba huivuta, ikachomwa, au ikaendesha mashine za umeme.

Tano ulinzi. Kando ya shimo huchimbwa visima vya kupimia maji ya ardhi. Shimo likijaa hufunikwa, hupandwa majani, na huendelea kuchunguzwa kwa miaka 30.

Msiba wa Kampala

Pengine mtu atasema, «Mambo hayo ni ya matajiri.» Na akumbuke Kiteezi, karibu na Kampala, nchi ya Uganda. Takataka za mji zilianza kupelekwa huko mwaka 1996, na mlima wake ukapanda mwaka hata mwaka, watu wakikaa chini yake. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua nyingi, mlima ule uliporomoka juu ya nyumba. Watu zaidi ya 30 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Takataka zilizoshiba maji, zenye ubavu mkali, hazishiki. Kupunguza mteremko na kuondoa maji si anasa. Ni kuokoa roho za watu.

Kazi yetu nyumbani

Shimo zuri huanzia jikoni. Wewe mama, tenga maganda na mabaki ya chakula. Yatalisha bustani, wala hayatatoa gesi shimoni. Wewe baba, usitupe betri na mabati ya rangi pamoja na majivu. Viweke mbali na watoto, uulize mahali vinapopokelewa. Nawe mwanafunzi, usiusukumie mfuko wako mtaroni, maana mvua ijayo itaurudisha mlangoni pa jirani.

Kitu tulichokitupa hakijatoweka. Kimehamia tu mahali pengine, na huko nako wanakaa watu.