Kila Kuku na Firigisi Yake: Malava Kati ya Kuku Mzima na Kuku wa Vipande

Katika mji wa Malava, ulioko kaskazini mwa Kakamega kando ya barabara iendayo Webuye na kuzungukwa na mashamba ya miwa ya Wakabras, kuku wa kupikwa nyumbani kwa miaka mingi alikuwa kuku mzima, aghalabu aliyenunuliwa akiwa hai na miguu yake ikiwa imefungwa kwa kamba. Siku hizi katika miji ya eneo hili yupo pia kuku aliyekwisha kukatwakatwa, ambaye vipande vyake huuzwa kwa kilo kutoka kwenye friza, mapaja upande huu, mabawa upande ule, na firigisi zikiwa zimefungashwa peke yake. Furushi hilo la firigisi ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini kuliko mengine yote, kwa kuwa kuku ana firigisi moja tu, na kilo moja ya firigisi maana yake ni kuku 25 au zaidi waliochinjwa mahali ambapo mnunuzi hatapajua, kila mmoja akiwa ametenganishwa na sehemu ambayo nyumbani kwa Mluhya ingetafutwa kabla ya kunawa mikono.

Miongoni mwa Waluhya, ambao Wakabras ni tawi lao mojawapo, firigisi huitwa imondo, nayo kwa desturi ni haki ya mwenye boma, yaani mwanamume aliye mkubwa wa nyumba, au ya mgeni ambaye mwenye boma ameamua kumheshimu kwa kumwachia. Mkwe akiandaliwa ugali na kuku, kisha akapekua bakuli asiione imondo, huenda asiulize kwa sauti, lakini hujua kwamba ama imekwisha kuliwa na mtu mwingine ama kuku aliyeletwa mbele yake si mzima, na yote mawili ni maneno ya kupelekwa kwao. Ndiyo sababu mpishi huhesabu vipande kabla ya kupakua, na ndiyo sababu mtoto aliyeionja imondo jikoni alihesabiwa kuwa amekalia kiti cha baba yake. Heshima hiyo haikutokana na utamu wa nyama, maana wapo wanaopenda paja kuliko firigisi; ilisimama juu ya uchache, kuku mmoja akiwa na firigisi moja na nyumba moja ikiwa na mkubwa mmoja. Friza imeuondoa uchache huo, wala hakikukaliwa kikao cha wazee kuamua iwe hivyo.

Mjuzi wa mambo haya ni muuza kuku wa sokoni, ambaye mara nyingi ndiye pia mchinjaji na mkataji kwa mteja asiye na nafasi, na maarifa yake yanastahili kuandikwa kwa urefu kwa sababu yanaishi mikononi na hayafundishwi darasani. Yeye hamwuzii mteja kwa mizani. Humwita mama au mzee, kulingana na aliyesimama mbele yake, kisha humtaka asidanganywe na manyoya bali apeleke vidole kifuani, kwenye mfupa wa kidari, yaani ule mfupa mrefu unaosimama katikati ya kifua: ukichoma kidole, kuku huyo ni mfupa mtupu, na ukizama katikati ya nyama za pande mbili, hapo pana mlo. Humwonyesha kishungi kilicho chekundu na macho yasiyosinzia, humpuliza kuku manyoya ili ngozi ionekane, kisha humkabidhi mteja amnyanyue na kumpima kwa mkono. Ni ukaguzi ambao hauwezekani kwa kipande kilichoganda, kwa kuwa paja lililofungashwa halisemi lilitoka kwa kuku mwenye afya gani.

Akishachinja, akamtia kuku katika maji ya moto, akamnyonyoa na kumpitisha juu ya moto ili vinyweleo vilivyobaki viungue, mkataji huyo huifikia firigisi, na hapo mwendo wa kisu chake hubadilika. Firigisi ni sehemu ya pili ya tumbo la ndege. Kwa kuwa kuku hana meno, humeza changarawe pamoja na nafaka. Sehemu ya kwanza ya tumbo hulainisha chakula kwa majimaji yake, kisha firigisi, ambayo ni misuli mizito, hukisaga kwa kukibana kwenye changarawe hizo. Kuku wa kienyeji, anayeparua ua mchana kutwa akiokota mahindi, mchwa na vijiwe, hukuza firigisi nene na yenye wekundu uliokolea, ilhali kuku wa gredi, aliyelelewa ndani kwa chakula laini cha kusagwa na kuchinjwa akiwa na umri wa wiki 5 au 6, huwa na firigisi laini zaidi, kwa sababu hakuipa kazi kubwa. Mkataji hutenga kwanza ini na firigisi, akijihadhari na nyongo, kile kifuko cha kijani kilichoshikamana na ini, maana kikipasuka uchungu wake huingia katika nyama na maji hayauondoi wote. Kisha huipasua firigisi ubavuni pasipo kuitenganisha, huifunua, humwaga changarawe na punje zilizosagika nusu, huiosha, ndipo anapopenyeza ukucha wa kidole gumba chini ya utando wa manjano unaoilinda misuli kwa ndani, na kuuvuta. Mkono uliozoea huutoa utando huo mzima. Firigisi yenyewe haikatwi tena baada ya hapo, kwa kuwa atakayeipokea anapaswa kuiona bila pengo, na mkataji anayejua wateja wake huirudisha ndani ya kuku mbele ya macho yao, ili pasizuke ubishi njiani wala mezani.

Kuku mzima hukatwa kwa kufuata maungio, si kwa kupondwa mifupa, na kisu kikipita mahali pake hakuna kishindo: mabawa mawili, mapaja mawili, vipande viwili vya chini ya mapaja, kidari ambacho hugawanywa mara mbili au zaidi, mgongo, shingo, kichwa, miguu, na vile vya ndani, yaani ini, moyo na firigisi. Kila kimoja kilikuwa na mtu wake, ingawa mgao hupishana kutoka boma hadi boma. Watoto walizoea miguu, vichwa na mabawa, na mgongo, wenye nyama kidogo na mafuta mengi, ndio ulioupa mchuzi nguvu. Kuku wa kienyeji, ambaye huchukua miezi 5 au zaidi kufikia umri wa kuliwa, huchemshwa taratibu kwa muda mrefu hadi supu yake inakolea, na supu hiyo huliwa na ugali hata siku ambayo nyama imekwisha. Hesabu ya mnunuzi wa kuku mzima, basi, haiishii kwenye nyama. Kuku wa gredi mwenye uzito wa kilo 2 akiwa hai hubaki na takriban kilo 1.4 hadi 1.5 akisafishwa, na sehemu ya uzito huo ni mifupa, lakini mifupa hiyo ndiyo chakula cha siku ya pili, jambo ambalo mnunuzi wa kidari kisicho na mfupa hulilipia bila kulipata. Bei ya kilo ya vipande imebeba pia ujira wa aliyekata, umeme wa friza na faida ya kila mkono uliopita katikati.

Hata hivyo, si haki kumlaumu anayenunua vipande. Mtu anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga, au mama anayerudi kutoka kazini jua likizama na kuni au makaa yakiwa ghali, hawezi kila mara kumchemsha jogoo kwa saa nyingi, naye mwenye shilingi chache hupata miguu, shingo na vichwa kwa bei ambayo kuku mzima hawezi kuifikia. Mabadiliko haya hayakuanzia Kakamega. Nchini Marekani, mwaka 1962, zaidi ya asilimia 80 ya kuku wa kuliwa waliuzwa wakiwa wazima, na miaka 50 baadaye sehemu hiyo ilikuwa imeshuka hadi takriban asilimia 10, nafasi ikichukuliwa na vipande na nyama iliyotayarishwa viwandani. Kenya iko mbali na hapo, lakini njia ni ile ile.

Lipo jambo jingine ambalo watetezi wa kuku mzima, na makala haya yako upande wao, hawana budi kulikabili bila kulikwepa. Desturi iliyompa mwenye boma imondo ndiyo iliyomnyima mkewe kuku mzima, kwani katika jamii nyingi za Waluhya wanawake walikatazwa kula kuku na mayai, ingawa wao ndio waliowafuga, waliowanyonyoa na waliowapika. Wanawake wa mwanzo waliojiunga na Ukristo wa Waquaker, ambao misheni yao ilianzishwa Kaimosi mwaka 1902, walikula kuku hadharani katika miongo iliyofuata, na kitendo hicho kilihesabiwa kuwa uasi mkubwa kwa wazee na ushuhuda wa imani kwa waumini. Mwiko huo umekwisha kwa wengi, lakini imondo imebaki ilipokuwa. Mwanamke anayenunua nusu kilo ya firigisi na kuzikaanga kwa vitunguu hamwombi mtu ruhusa wala hampunguzii mtu haki yake, kwa kuwa hakuna hata moja kati ya hizo iliyotengewa mume wake. Uhuru huo ni wa kweli, na umeletwa na friza, haukuletwa na boma.

Kinachobaki ni maswali ambayo kisu cha mkataji hakiyafikii. Katika nyumba nyingi za Malava baba yuko Nairobi au amefariki, na mama ndiye anayelipa karo, anayeuza miwa na anayekwenda sokoni kushika kidari cha kuku. Imondo ya kuku huyo ni ya mama, ni ya kijana wa kiume aliyemaliza shule, au huwekwa kando ikimngoja mtu ambaye hatafika? Mkwe anayeandaliwa mapaja sita yaliyotoka kwa kuku watatu ameheshimiwa zaidi, au hakuheshimiwa kabisa? Na watoto waliozoea kuona firigisi kumi katika sufuria moja, watafundishwaje kwamba kuna moja isiyoguswa, na je, ni lazima wafundishwe?