Muziki Mtamu, Masikio Je?

Sote twajua kwamba muziki huburudisha moyo. Wachache hujua kwamba anayeupiga aweza kuulipia kwa masikio yake.

Mwaka 2008 huko Nairobi, katika eneo la Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohane, Korogocho, jirani na jalala la Dandora, Elizabeth Njoroge alianzisha mradi wa Ghetto Classics. Watoto wa mtaa ule walifundishwa fidla, tarumbeta na ala nyingine, hata wakapiga muziki wa klasiki mbele ya watu.

Msikilizaji aliyeketi mbali hupata sauti iliyokwisha kupoa. Mpigaji hana nafasi hiyo. Fidla hushikwa chini ya kidevu, sikio la kushoto likiwa karibu sana na nyuzi. Tarumbeta hulenga mbele, na aliyeketi mbele yake ndiye anayepokea mshindo.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa afya kazini hushauri kwamba sauti ya desibeli 85 isisikilizwe zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikifa havioti tena.

Msomaji wa Kibiti au wa delta ya Rufiji aweza kuuliza: okestra yatuhusu nini? Masikio ni yale yale, iwe ni fidla, ngoma, tarumbeta za harusi au kinanda cha kwaya chenye spika kubwa. Kwa hiyo tunashauri:

1. Spika zitazame wasikilizaji, zisiwaelekee waimbaji.
2. Mazoezi yawe na mapumziko mahali patulivu.
3. Wapiga ngoma na tarumbeta watumie vizibo vya masikio. Pamba haitoshi.
4. Watoto wasikae karibu na spika.

Masikio yakivuma baada ya onyesho, hilo ni onyo. Yakiendelea kuvuma siku ya pili, nenda ukamwone mganga katika zahanati au hospitali. Usingoje, kwani kwa kawaida sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, na mtu huchelewa kutambua. Mpiga fidla huanza kukosa utamu wa ala yake mwenyewe, na mzazi hushindwa kushika vizuri maneno ya mtoto wake.