Kurahisisha Kodi: Rahisi kwa Nani?

Kodi si hesabu ya fedha tu. Ni uhusiano kati ya dola na watu wake. Kwa hiyo inaposemwa kwamba mfumo wa kodi urahisishwe, kada hana budi kuuliza kwanza: uwe rahisi kwa nani?

Historia yetu inafundisha. Kodi iliyokuwa rahisi kuliko zote ni ile ya mkoloni. Mwaka 1897 Wajerumani waliamuru nyumba zilipiwe kodi. Kazi ya mtozaji ilikuwa kuhesabu vibanda. Lakini shabaha haikuwa mapato peke yake: asiyekuwa na fedha alilazimika kwenda kuuza nguvu zake katika mashamba ya walowezi. Kodi hiyo, pamoja na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, ni miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vya 1905-1907.

Baada ya Uhuru kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969. Ikarudi mwaka 1984 kwa jina la kodi ya maendeleo, mgambo wakaikusanya kwa misako, na baadhi ya watu wakalala porini kuwakimbia. Ilifutwa mwaka 2003. Hapo tunapata somo la kwanza: kutoza watu wote kiasi kimoja ni rahisi, lakini kiasi kimoja si mzigo mmoja. Shilingi ya maskini ni chakula; ya tajiri ni chenji.

Kodi ya mapato hufuata uwezo. Kwa viwango vya mwaka 2021 Tanzania Bara, mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukutozwa, na sehemu iliyozidi shilingi 1,000,000 ilitozwa asilimia 30. Kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza mwaka 1998 kwa asilimia 20 na kushushwa hadi 18 mwaka 2009, haimuulizi mnunuzi uwezo wake. Ndiyo maana ni muhimu kuchagua kwa makini bidhaa za kusamehewa.

Somo la pili: utata nao una wenyewe. Kampuni kubwa huajiri wataalamu wa kuisoma sheria. Mwenye genge hana mtaalamu, wala mara nyingi hana daftari; hukadiriwa. Sheria isipoeleweka, kinywa cha ofisa ndicho huwa sheria, na hapo rushwa huota mizizi. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, na tena Juni 2024, moja ya malalamiko yao lilikuwa namna ya kutozwa. Mwaka huo wa 2024 iliundwa Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi.

Basi mageuzi ya kweli yapimwe kwa maswali matatu:

(a) Je, mlipaji anaweza kujua deni lake mwenyewe kabla ofisa hajafika?

(b) Je, mzigo unapanda kadiri uwezo unavyopanda?

(c) Je, mwananchi anaona shule, zahanati na barabara zilizotokana na kodi yake?

Mfumo unaojibu swali la kwanza tu unaweza kuwa kodi ya kichwa iliyovaa suti. Unaojibu la pili tu hubaki haki ya kwenye karatasi. Na usiojibu la tatu utahitaji mgambo siku zote.