Kipindi Kimoja, au Viwili kwa Mkupuo?

Wazazi wengi mmekwisha kuiona ratiba ya masomo ya mtoto wenu wa sekondari. Ni ile karatasi yenye vijumba vingi, ambayo ameibandika ukutani juu ya kitanda au ameikunja ndani ya daftari. Pengine mliitazama mara moja mkaiacha, mkisema hayo ni mambo ya walimu. Leo nawaomba muitazame tena, maana ndani ya vijumba vile yamo mambo yanayowahusu kupita sare na madaftari.

Kila kijumba ni kipindi kimoja, nacho ni cha dakika 40. Ndivyo ilivyo katika shule zetu za sekondari, na jirani zetu wa Kenya nao wafundisha kwa dakika 40. Lakini hapa na pale mtaona vijumba viwili vimeunganishwa kwa somo moja. Walimu husema ni vipindi mfululizo. Watoto wao husema ni dabo. Hapo mtoto hukaa na somo hilo dakika 80 bila kubadili. Basi swali ni hili: lipi lamfaa mtoto wa Masasi na Newala, vipindi vifupi vingi au virefu vichache?

Tuanze na wanaotaka virefu, maana wana hoja ya nguvu. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kuandaa somo kwa hatua: utangulizi, kujenga maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, hitimisho. Katika andalio la somo hatua hizo hukaa vizuri kabisa, kila moja na dakika zake. Ingia darasani uone! Mwalimu wa kipindi kilichopita bado anafuta ubao. Watoto wanatafuta madaftari. Mwalimu mpya asalimiwa, aandika tarehe, auliza nani hayupo. Dakika tano zimekwisha, pengine kumi.

Tena kuna jambo la lugha. Mtoto wetu nyumbani anasema Kimakonde, Kimakua, Kiyao au Kimwera. Shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili. Sekondari anakutana na Kiingereza katika karibu kila somo. Kwanza aelewe neno, ndipo aelewe jambo. Mwalimu mwema husema mara mbili, aandike, aeleze kwa mfano wa shambani, na hapo tu nyuso zaanza kufunguka. Kumbe ndipo kengele inapolia, ile rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni, na mwalimu wa somo lingine yuko mlangoni.

Hebu tupige hesabu. Tuseme shule ina vipindi vinane kwa siku, na kila kipindi kinapoanza zapotea dakika tano. Hizo ni dakika 40, yaani kipindi kizima kimeliwa na mwanzo wa vipindi. Ukiviunganisha viwili viwili, mwanzo ni mara nne tu, nawe umeokoa dakika 20 kwa siku. Kalenda ya shule zetu ya miaka hii imekuwa na siku 194 za masomo. Zidisha: dakika 3,880, ambazo ni vipindi 97. Hizo ni siku kumi na mbili za shule zilizookotwa njiani, pasipo mtoto kukaa shuleni hata dakika moja zaidi.

Na kwa masomo ya vitendo hoja hii haina mpinzani. Darasa la watoto hamsini au sitini lina hadubini moja au mbili. Wagawe katika makundi, kila kundi lichungulie, wachore, waulize. Dakika 40 hazitoshi hata robo. Hali ni hiyo hiyo kwa elimu ya amali, iliyoanza katika baadhi ya sekondari mwezi Januari 2024 chini ya mtaala mpya. Nani atajifunza useremala au ushonaji kwa dakika 40? Kabla hajapima ubao, kengele! Fundi yeyote wa kinyago wa huku kwetu atawacheka wakimwambia achonge mpingo hivyo.

Huko Marekani shauri hili limegombaniwa kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1980 mkuu mmoja wa elimu katika jimbo la Massachusetts, Joseph Carroll, alitoa mpango wa kuvunja ratiba ya vipindi vifupi, mtoto asome masomo machache kwa wakati mmoja, kila moja kwa muda mrefu. Aliuita kwa jina la Copernicus, yule kanoni wa Poland aliyesema kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Maana yake, tugeuze fikra zetu. Mwaka 1994 tume ya taifa lao ilitoa taarifa iitwayo Wafungwa wa Wakati, ikilalamika kwamba shule zimeweka saa ileile kwa wote, na kiasi cha kujifunza kikaachwa kiwe bahati ya kila mtoto. Shule nyingi zikaingia katika vipindi vya dakika 80 au 90. Baadaye nyingine zilirudi zilikotoka.

Kwa nini zilirudi? Sababu zao ni nyingi, na si zote zatuhusu. Lakini iko moja yenye uzito. Mwaka 1990 mtafiti David Bateson alitoa matokeo ya wanafunzi wa darasa la kumi katika jimbo la British Columbia, nchini Canada. Waliosoma sayansi kidogo kidogo mwaka mzima walifaulu kuliko wenzao waliosoma somo lilelile kwa mkupuo katika nusu mwaka. Na zaidi ya miaka mia moja kabla yake, mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapa kitabu juu ya kukumbuka na kusahau. Alijifanyia majaribio mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba tunasahau upesi sana mwanzoni, na kwamba mafunzo yaliyogawanywa katika siku mbalimbali hudumu kuliko yaliyosongwa siku moja. Mkulima hashangai. Mvua ya wiki tatu, kila siku kidogo, yaotesha mahindi. Mvua ileile ikimwagwa kwa usiku mmoja yaondoka na udongo.

Hapo sasa tuiache Marekani tuje kwetu, maana kwetu liko jambo la kupimwa kwa makini.

Mama mmoja wa upande wa Newala alifika katika ofisi ya parokia kuchukua cheti cha ubatizo cha mtoto wake. Akiwa anangoja niandike, akaniambia kwa uchungu: “Mwanangu Karani, binti yangu alikosa shule siku moja tu. Bomba lilikuwa kavu siku ya nne, nikamtuma bondeni. Amerudi amekuta wenzake wamemaliza sura nzima ya hesabu. Siku moja, baba! Hesabu gani hizo?” Nikamwambia, “Mama, siku ukipita tena niletee ile ratiba yake.” Akaileta. Hesabu ilikuwa imewekwa Jumatatu na Jumatano, dabo zote mbili, basi.

Angalieni hapa. Vipindi vinne vya dakika 40 ni dakika 160 kwa juma. Ukivitawanya katika siku nne, mtoto akikosa siku moja amepoteza robo. Ukiviweka dabo mbili, akikosa siku moja amepoteza nusu. Tena kipindi kinachofuata hakimngojei. Ndiyo kusema, kadiri kipindi kinavyozidi kuwa kirefu, ndivyo kukosa siku moja kunavyozidi kuwa ghali.

Na huku kwetu nani hakosi? Ninyi mwajua. Uwanda wetu wa Makonde ni mchanga unaomeza maji. Mradi wa maji wa Makonde ni wa tangu miaka ya 1950, lakini mabomba yakikauka ni kuteremka bondeni na ndoo, na ndoo hiyo mara nyingi hukaa kichwani mwa msichana. Ukifika Oktoba, korosho zadondoka hadi Desemba, na ndio msimu wa mitihani ya kidato cha pili na cha nne. Wako watoto wa vijiji vya mbali ambao hutembea alfajiri mwendo wa saa nzima au zaidi. Mvua ikinyesha hufika wamelowa na kipindi cha kwanza kimekwisha. Kikiwa kimoja, wamekosa kimoja. Kikiwa dabo, waingia katikati na hawajui mwalimu asema nini.

Liko na tumbo. Shule ambayo wazazi wamechanga mahindi na maharage, mtoto anakula mchana. Shule ambayo mchango umekufa, dabo ya mwisho, saa saba na nusu, juu ya bati lenye moto, ni adhabu. Nimekaa nyuma ya darasa la namna hiyo nilipokuwa mwalimu wa mazoezi. Mwalimu alikuwa hodari, lakini nusu ya watoto walikuwa wamelala na macho wazi.

Na tusisahau mwalimu mwenyewe. Kipindi kirefu chamtaka aliyejiandaa, mwenye kubadili shughuli: aeleze kidogo, watoto wajaribu, wajadiliane, wasahihishane. Yule anayeingia na kumwita kiranja anukuu kitabu ubaoni, dakika 40 zake ni hasara na dakika 80 zake ni hasara mara mbili. Heri basi iwe fupi. Lakini nisiwasingizie walimu: katika sekondari nyingi za kata mwalimu wa fizikia ni mmoja kwa vidato vyote vinne, na mwalimu wa taaluma anayepanga ratiba hupanga kwa watu alionao, si kwa watu anaowatamani. Mara nyingine dabo haikuwekwa kwa ajili ya mtoto kabisa. Imewekwa kwa sababu mwalimu huyo anafundisha shule mbili, au kwa sababu chumba ni kimoja.

Mimi naona hivi. Kemia, fizikia na biolojia zipate dabo moja kwa juma kwa ajili ya majaribio, na vipindi vyake vingine vibaki kimoja kimoja. Kilimo na kazi za amali ziende kwa vipindi virefu bila hofu. Hesabu na Kiingereza, ambazo hukaa kichwani kwa kurudiwa, zitawanywe katika siku nyingi iwezekanavyo. Bora dakika 40 kila siku kuliko 80 mara mbili. Insha nayo yataka muda mrefu, maana mtoto hawezi kuandika kurasa mbili kwa dakika zinazobaki baada ya maelezo, na mtihani wa nadharia wa kidato cha nne huchukua hadi saa tatu. Dabo yoyote isiwekwe kipindi cha kwanza cha asubuhi katika shule ya watoto watembeao mbali, wala isiwekwe mwisho wa siku pale ambapo hakuna chakula.

Wako watakaosema, mzazi aliyeishia darasa la saba ataongea nini juu ya ratiba? Hasha, ataongea mengi. Mwalimu wa taaluma anajua somo lipi lina mwalimu. Lakini ninyi ndio mnaojua bomba hukauka siku gani, mnada wa korosho wa chama chenu huwa lini, na mtoto anafika nyumbani saa ngapi. Mambo hayo hayamo katika mwongozo wowote, na asiyeambiwa hatayajua.

Ratiba ya mwaka hupangwa shule inapokaribia kufunguliwa mwezi Januari. Kwa hiyo mkutano wa wazazi wa mwisho wa mwaka ndio mahali pa kusema, wala si Machi wakati mtoto amekwisha kuachwa nyuma. Najua mkutano huo huja korosho zikiwa juani, na baba yuko ghalani akingoja mizani. Basi aende mama, au kaka mkubwa, na ile karatasi yenye vijumba mkononi. Aulize mambo matatu tu: hesabu imewekwa siku ngapi, majaribio ya sayansi yamepewa vipindi viwili au la, na mtoto akikosa siku moja nani atamwonyesha alichokosa.