Anayesimama Kutunza

Wimbo wa taarabu hautimii maana yake mpaka mtu asimame. Mshairi anaweza kuwa amemaliza kazi yake zamani: beti chache, mishororo ya mizani nane kwa nane, na kiitikio cha kurudiwa. Udi, fidla na ganuni zimeshatangulia. Kisha mwimbaji hufika kwenye mshororo ambao ukumbi mzima ulikuwa ukiungojea. Hapo mwanamke mmoja huinuka na noti yake mkononi, mkono ameunyanyua, akatembea kwa madaha bila haraka. Hapiti njia fupi. Huzunguka akapita mbele ya mtu fulani, akamtupia jicho, ndipo akaenda kumtunza mwimbaji. Mshororo aliouchagua, njia aliyopita na mtu aliyemtazama vimeshaeleza wimbo ule una maana gani usiku huo.

Ndiyo maana siridhiki na tafsiri zinazochambua maneno peke yake: waridi ni mpenzi, tausi ni mwanamke mwenye maringo, jahazi ni ndoa, nahodha ni mume. Si uongo, lakini hazifiki mbali. Chukua wimbo wa malalamiko ya mtu aliyepanda mchungwa, akaumwagilia maji, kisha jirani akaja kuchuma. Bibi aliyeletewa mke mwenza atasimama kuutunza, na kila mtu ataelewa. Mfanyabiashara aliyedhulumiwa na mshirika wake ataona umetungwa kwa ajili yake. Mama mwenye kijana aliyemsomesha kwa shida, akaoa na kumsahau, atatoa noti yake huku anafuta machozi. Wote watatu wameuelewa sawasawa.

Washairi walilijua hilo tangu mwanzo. Mtu mwenye jambo lake alimwendea mtungaji, akamsimulia kisa, na mtungaji akakivisha matunda, maua na ndege. Kisa kilibaki kwa wachache, wimbo ukaenda kwa wote. Ungemtaja mtu kwa jina ungekufa pamoja na ugomvi wake. Uliofumbwa huimbwa hata baada ya wagombanaji wote kuzikwa.

Desturi hii ina sheria yake, nayo ni kali: aliyelengwa hajibu kwa mdomo. Akiinuka kuuliza, "Unaniimbia mimi?" amekwisha kukiri mbele ya watu kwamba kijembe kimempata. Hujikausha, akajirekebisha kanga yake, akaendelea kuzungumza na shoga yake. Au hungoja. Wimbo mwingine ukija wenye mshororo unaomfaa, naye huinuka na noti yake, akapita kulekule. Ugomvi mzima unaweza kwenda na kurudi namna hiyo mpaka usiku wa manane, na asubuhi wahusika wakakutana kisimani au dukani wakaamkiana vizuri, kwa sababu hakuna aliyemtukana mwenzake.

Kwa watu wanaoishi mlango kwa mlango, wanaooana wao kwa wao na kukutana kwenye kila harusi na kila msiba, jambo hili si dogo. Wifi hawezi kumkabili wifi yake uso kwa uso bila kuwaingiza kaka, mama na majirani katika fitina. Mchana kanga hufanya kazi hiyohiyo ya wimbo: mtu huvaa ile yenye jina linalomhusu jirani, akapita mlangoni kwake kwa salamu.

Si kila wimbo ulifumbwa, hata hivyo. Mwimbaji Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi nyimbo zao kwa Kiswahili, aliimba wimbo wa Kijiti kuhusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, na lawama zikawaangukia wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi. Pale jina la muuaji, Kijiti, lilitajwa wazi. Waliodhulumiwa mahakamani walikuwa watu wa mtaa wa Ng'ambo, na dhuluma ilitoka kwa wenye nguvu. Kufumba kungekuwa kuwasitiri wasiostahili sitara.

Miaka ya 1990 nyimbo za mipasho zilitawala, mwimbaji Khadija Kopa akiwa kundi la TOT na mwenzake Nasma Khamis akiwa kundi la Muungano, na mashabiki wakagawanyika pande mbili. Wazee wengi walikasirika, wakasema adabu imekufa. Naielewa hasira yao, maana mpasho mwingi humlenga mtu mmoja tu na humwachia msikilizaji nafasi ndogo ya kuujaza kwa maisha yake. Lakini desturi ya kutunza haikufa. Hata redio imeingizwa humo: wimbo unaofaa ukianza, sauti huongezwa mpaka mwisho, dirisha hufunguliwa, na jirani anayeanika nguo uani anajua kwa nini.

Kwa hiyo anayekusanya nyimbo hizi asiandike beti peke yake. Kikundi cha taarabu cha Akhwan Safaa kilianzishwa Unguja mwaka 1905, na cha Culture Musical Club mwaka 1958. Wapo wazee waliokaa kwenye kumbi za vikundi hivyo maisha yao yote, wanaokumbuka nani alisimama kwenye mshororo upi. Waulizwe wakiwa hai. Baadhi watasimulia kwa furaha. Wengine watacheka tu na kuagiza mgeni aletewe kahawa, kwa sababu mwenye kisa aliwaamini, na watoto wake bado wanaishi mtaa uleule.