UZI: Ada ya teksi za apu, msongamano, na kwa nini bodaboda wa Kitale anafaa kufuatilia

1/ Mijadala ya siasa ikichacha, lazima mtu asimame aseme: "Tutatoza ada kwa kila safari ya teksi za apu. Msongamano utapungua na pesa zitanunua mabasi." Makofi. Mwingine anajibu: "Huo ni wizi, mnataka kumkamua mlalahoi." Makofi tena. Wote wawili wanaruka swali lenyewe: ada hiyo inatoza NINI? Gari, safari, ama mahali na saa? Tulichambue polepole, bila kutaja chama wala mtu.

2/ Wazo lilitoka wapi? Uber iliingia Nairobi 2015, Bolt na Little zikafuata. Teksi ya apu hutumia barabara hata ikiwa tupu, dereva anazunguka akingoja simu ilie. Na gari lolote likiingia katikati ya mji saa kumi na moja jioni linawachelewesha wote walio nyuma yake, lakini huo ucheleweshaji hakuna anayeulipia. Ada inajaribu kuuwekea bei.

3/ Hapo sasa kuna kazi mbili ndani ya ada moja. Kazi ya kwanza ni kufanya watu wafikirie mara mbili kabla ya kuita gari. Ya pili ni kukusanya pesa. Kazi hizi zinavutana. Ada ikifaulu kupunguza safari, makusanyo yanashuka. Makusanyo yakipanda kila mwaka, basi magari bado yamejaa barabarani. Mtu akikuahidi msongamano uishe NA mabilioni yaingie, muulize akilazimika kuchagua atachagua kipi.

4/ Kuna miji imejaribu. Chicago, kuanzia Januari 2020: ukipanda teksi ya apu peke yako kuingia au kutoka katikati ya mji, siku ya kazi, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa nne usiku, ada ilikuwa dola 3. Ukikubali kuchangia gari na abiria wengine, dola 1.25. Mitaa ya nje ilikuwa dola 1.25 kwa aliye peke yake na senti 65 kwa wanaochangia. Soma hizo bei vizuri. Zilimwambia abiria: badilisha saa, badilisha mahali, ama changia gari, utalipa kidogo.

5/ New York walianza Februari 2019. Safari ikigusa Manhattan kusini ya Mtaa wa 96, teksi ya apu inaongezewa dola 2.75, teksi ya kawaida dola 2.50, na ya kuchangia senti 75. Pesa zinaenda kwa MTA, shirika la treni na mabasi. Lakini teksi sio msongamano wote. Januari 2025 magari binafsi nayo yakaanza kutozwa, dola 9 saa za shughuli nyingi kuingia kusini ya Mtaa wa 60. Kwa nini? Mwenye gari lake naye anajaza barabara, na huyo mara nyingi ana uwezo kuliko dereva wa teksi.

6/ Kumbuka vitu viwili kuhusu miji hiyo. Kwanza, treni na mabasi yalikuwa yanatembea KABLA ada haijaanza. Ukikataa kulipa, una kitu kingine cha kupanda. Pili, apu inajua kila safari: ilianza wapi, saa ngapi, iliishia wapi. Kampuni inakata ada na kuiwasilisha. Bila rekodi hiyo hakuna ada ya safari. Shikilia hili la pili, tutalirudia tukifika nyumbani.

7/ Nairobi je? NaMATA, mamlaka ya usafiri ya Nairobi na kaunti nne jirani, iliundwa 2017. Mabasi ya mwendo wa haraka yakapangwa, njia zikapewa majina ya wanyama, ujenzi wa vituo ukaanza Thika Road. Miaka imepita, watu bado wanang'ang'ania matatu. Dar es Salaam mabasi yao yalianza Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Yana shida zake, lakini yapo. Ukiweka ada Nairobi kabla ya basi, unamwadhibu mtu kwa kukosa chaguo ambalo hujampa.

8/ Na nani atabeba ada yenyewe? Kanuni za NTSA za 2022 ziliweka kikomo: kampuni isikate zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Tuseme safari ni Sh300. Kampuni inachukua Sh54, dereva anabaki na Sh246, na hapo bado mafuta na mkopo wa gari. Ongeza ada ya Sh20. Ikiwekwa juu ya nauli, abiria analipa. Kampuni ikiogopa kupoteza wateja na kushusha nauli, dereva ndiye analipa. Madereva waligoma 2024 kwa sababu ya nauli duni hata kabla ya ada yoyote. Sheria isiposema wazi, mzigo humwangukia mnyonge.

9/ Sasa twende nyumbani. Unaishi Kipsongo, unataka kufika katikati ya Kitale. Unaenda kwa miguu, ama unasimamisha bodaboda, mnapatana bei, unalipa taslimu ama kwa M-Pesa. Hakuna apu iliyorekodi safari hiyo. Ukienda Bungoma unapanda matatu steji, makanga anakusanya nauli njiani. Hakuna rekodi hapo pia. Kwa hivyo sera ya Chicago ikipakiwa kwa lori na kuletwa Kitale, ile mashine inayoifanya iende imebaki Chicago.

10/ Ndio maana nasema kuweni macho. Wazo la "ada ya msongamano" likishuka hadi kaunti zetu, kitakachowezekana kutozwa ni kile ambacho kaunti nyingi zinajua tayari: ada moja ya siku au ya mwezi kwa kila matatu na kila pikipiki. Stika, risiti, basi. Jina litakuwa jipya, lakini kitu ni kile kile. Na kitu hicho hakipunguzi msongamano hata kidogo.

11/ Kwa nini? Fikiria kama mwenye pikipiki. Umelipa asubuhi. Ukibeba watu watano ama thelathini, ada ni ile ile. Ukikaa steji ya nje ama ukijazana na wenzako katikati ya mji, ada ni ile ile. Utafanya nini? Utakimbilia palipo na wateja wengi na kupiga safari nyingi iwezekanavyo, urudishe pesa yako. Ada ya safari inasema "punguza". Ada ya siku inasema "ongeza". Mtu akiziita zote mbili ada ya msongamano, ama hajaelewa ama anategemea wewe usielewe.

12/ Kuna sheria pia. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti barabara za kaunti, trafiki, maegesho na usafiri wa umma. Kifungu cha 209 kinaziruhusu kutoza ada kwa huduma zinazotoa, lakini kodi mpya lazima iidhinishwe na sheria ya Bunge. Na 209(5) inasema kodi za kaunti zisivuruge biashara inayovuka mipaka ya kaunti. Matatu ya Kitale kwenda Bungoma inavuka mpaka kila siku. Ikitozwa huku kwa msongamano na kule kwa msongamano, abiria wa Kamukuywa analipia foleni za miji miwili ambayo haishi hata mmoja.

13/ Halafu pesa. "Zitaenda kwa mabasi" ni ahadi ya mdomo. Kifungu cha 207 kinasema pesa zote za kaunti huingia kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile zilizoondolewa na sheria ya Bunge. Zikishaingia huko zinachanganyika na mishahara, madeni, na magari ya wakubwa. Kama hakuna sheria inayozifungia, hakuna pesa za mabasi. Kuna pesa tu.

14/ Na hata sheria ikiwepo, fuatilia. Ushuru wa barabara kwenye mafuta ulipanda Julai 2024 kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita, kwa ajili ya matengenezo ya barabara. 2025, Sh7 kati ya hizo zikawekwa rehani kwa wawekezaji ili kupata pesa za kulipa makandarasi waliokuwa wakidai. Makandarasi walistahili kulipwa, sikatai. Lakini ona kilichotokea: lita utakayonunua miaka ijayo imeshalipia barabara ya jana. Pesa yenye lebo nayo inaweza kuliwa mapema.

15/ Je, nasema ada ni mbaya? La. Mji ukijaa, nafasi ya barabara ni kama maji wakati wa ukame, mtu atalipa tu, kwa pesa ama kwa muda. Mgonjwa aliyekwama nyuma ya lori linaloelekea Lodwar analipa kwa muda. Lakini kwa mji wa ukubwa wa Kitale, anza na vitu vya bei nafuu: steji za bodaboda zilizopangwa vizuri, matatu zisipakie katikati ya barabara, malori yapewe saa zake, na njia ya miguu kwa yule wa Kipsongo anayetembea. Huyo anayetembea hachangii foleni yoyote, na ndiye hatajwi kwenye mjadala.

16/ Ukitaka kutoza, toza kwanza maegesho ya magari binafsi katikati ya mji, kwa saa. Anayeacha gari lake kutwa mbele ya duka alipe zaidi ya aliyesimama dakika kumi. Hapo mahali na saa vinahesabika bila apu. Mbona wengi wanaanza na bodaboda? Kwa sababu ni wengi na ni rahisi kuwakamata. Mwenye gari anamjua mwakilishi wa wadi kwa jina na ana namba yake.

17/ Kwa hivyo mtu akisimama kwenye mkutano na kuahidi ada hii, muulize maswali manne. Inatoza safari, ama inatoza mtu kwa kuwepo barabarani? Nisipotaka kulipa, nitapanda nini? Sheria gani inafungia hizo pesa? Na msongamano usipopungua baada ya mwaka mmoja, ada itaondolewa? Akijibu yote manne, msikilize. Akianza kuimba jina la chama, vuta pumzi, panda boda yako uende nyumbani.

18/ Mwisho. Kama uko Kitale, Bungoma, Webuye au Kimilili: ada gani inatozwa kwenye steji yenu, na mmewahi kuambiwa inafanya kazi gani? Andikeni hapa chini. Tukiweka majibu pamoja, siku ya ushiriki wa umma hatutaenda mikono mitupu.